Mtoto Aliyetushika Kidevu

Tumsifu Yesu Kristo! Nawasalimu ninyi wa Bwera, ninyi wa Kasese na Maliba, na ninyi mliovuka mto Lubiriha kama mimi, mizigo kichwani. Mkiitikia "Milele na milele" mimi siisikii, lakini naiona midomoni mwenu, na inanitosha! Jina langu ni Masika. Wengi mnaniita Mama Chumvi, kwa sababu nauza chumvi ya Katwe hapa sokoni. Nataka kuwaeleza jinsi Bwana alivyonitoa shimoni bila kunifungua masikio.

Zamani nilisikia kama ninyi. Wazazi wangu walinivusha kutoka upande wa Butembo wakati wa vita, na hapa Bwera nikaolewa na Kambale, kijana aliyefanya kazi kwenye mgodi wa shaba na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Tukapata mtoto wetu wa kwanza, Paluku. Nilimwimbia nikiteka maji, nikamwimbia nikipepeta maharagwe. Alikuwa hajaota jino homa iliponishika. Shingo ilikakamaa kama mti, nikabebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni. Nilipozinduka, Kambale alikuwa kando ya kitanda, midomo inacheza, sauti hakuna. Nikadhani ananong'ona. Nikadhani kuna mtu amekufa na anaogopa kuniambia. Ndugu zangu, kilichokufa kilikuwa kusikia kwangu!

Asiyesikia watu hajisikii hata mwenyewe. Sokoni nilipotaja bei, watu waligeuka na kucheka. Nilimwuliza Biira, mwuza samaki wa meza ya pili, kwa nini wanacheka. Biira hajui kuficha jambo. Alinikazia macho akasema polepole hadi nikamsoma midomo, "Banasema Mama Chumvi analia sawa mbuzi." Tangu siku hiyo nilifunga mdomo. Nilionyesha bei kwa vidole. Nyumbani nilimlisha Paluku kimya, nikamwogesha kimya. Niliwekewa mikono, nikaombewa, na kila waliponiuliza kwa ishara kama masikio yamefunguka, nilitikisa kichwa. Wengine walisema imani yangu ni ndogo. Nililia sana.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Beni, akatukuta sokoni. Paluku alikuwa ametimiza mwaka na miezi, anatembea vizuri, lakini neno hata moja hana. Mama mkwe alimtazama, akanitazama, akasema maneno mengi kwa haraka. Kambale akainamisha kichwa. Nilimvuta Biira mkono aniambie.

"Anasema hivi," Biira akaniambia. "Mutoto atajifunza kusema kwa nani? Kwa mifuko ya chumvi? Anasema akirudi kisha mavuno ya kahawa, na mutoto bado kimya, anamubeba."

Msimfikirie vibaya mama huyo. Alimpenda mjukuu wake, na hofu yake ilikuwa hofu yangu pia. Lakini ningebaki na nini? Masikio yamekwenda, wimbo umekwenda, sasa na mtoto?

Nilirudi hospitalini kumwomba dawa Sista, mtawa aliyeniuguza. Dawa hakuwa nayo. Alikuwa na chuma kidogo chenye matawi mawili, kama uma. Alikigonga gotini mwake, akakileta karibu na sikio langu: kimya. Akakigonga tena, akaweka shina lake kwenye mfupa wa kifua changu. Ndugu zangu, nilishtuka! Kifua kizima kilitetemeka kama ngozi ya ngoma.

"Nasikia!" nilisema kwa sauti.

Sista akatikisa kichwa, akasema taratibu ili nimsome. "Unahisi. Sauti ni mtetemo. Sikio lako la ndani limeumia, haliwezi kuupeleka kichwani. Lakini maneno uliyojifunza hayajafa. Yamo yote nyumbani, mlango tu ndio uliofungwa." Kisha akaninyoshea kidole. "Na mdomo wako je? Nao umeugua?"

Masikio yangu yalikuwa mabovu, lakini ya Paluku yalikuwa mazima, yakingoja! Alihitaji kusemeshwa na mama yake, hata kwa sauti ya mbuzi.

Nilitoka pale nimemfunga mgongoni, nikaanza kusema njiani. Mlima, Paluku. Mbuzi, Paluku. Mvua inakuja, Paluku. Kila siku ya soko nilimtajia chumvi nyeupe, chumvi chafu, samaki wa Biira, ng'ombe wa watu. Walicheka tena, bila shaka. Biira aliniambia, "Banasema Mama Chumvi anahubiria mifuko." Nikamjibu, "Waambie mifuko imeokoka!" Akacheka mpaka akashika meza.

Basi siku moja, katikati ya mabega yangu, nilihisi chuma cha Sista. Mtetemo mdogo, ukaacha, ukarudi. Ni Paluku! Alikuwa ameweka kifua chake mgongoni mwangu na ananijibu. Tangu hapo mgongo wangu ukawa shule. Nilijifunza kwamba kilio ni kirefu na kinasukuma, kicheko kinarukaruka, na kuita ni kufupi na kunarudi. Neno lenyewe mgongo hauwezi kulisoma. Kwa hiyo nilimshusha, nikampigia magoti, na kila alipotaka kitu nilimshika kidevu, nikamgeuza uso kwa upole nione mdomo wake, naye akajifunza kunishika hivyo hivyo.

Kahawa ikavunwa. Mama mkwe akafika siku ya soko, kitenge kipya begani cha kumbebea mtoto. Aliinama mbele ya Paluku, akimtazama machoni. Nilimsoma: "Sema, baba. Sema kitu." Paluku alimtazama tu, kidole kinywani. Akamwomba tena. Kimya! Mimi nilijua mtoto anasema, kwani tukiwa wawili alisema nami, lakini nani atamwamini kiziwi? Mama mkwe alifuta macho, akainua kitenge, akamweka Paluku mgongoni na kuanza kufunga fundo. Nilisema moyoni, Bwana, sasa!

Paluku akajikunja, akateleza chini kama samaki. Akazunguka mbele ya mama mkwe aliyekuwa bado ameinama. Akamshika kidevu kwa mikono miwili, akamgeuza uso kabisa, akafungua kinywa wazi, neno baada ya neno.

Biira aliruka juu. "Amesema! Amesema, 'Mukaka, Mama iko hapa!'" Mukaka kwetu ni mama wa baba.

Mnaelewa, ndugu zangu? Mtoto yule alidhani watu wazima wote wanasikia kwa macho! Alikuwa amengoja tu bibi yake amtazame mdomo. Mama mkwe aliketi juu ya mfuko wa chumvi, akacheka huku analia. Kisha akasimama, akaja kwangu, akanishika kidevu kwa vidole vyake vikavu, akasema polepole, mara ya kwanza kwa ajili yangu: "Mutoto wangu, nisamehe. Anabaki."

Haleluya! Kitenge kile ninacho hadi leo.

Nami nawaomba jambo. Msimpigie kiziwi kelele. Kelele zinapanua mdomo na kuharibu sura ya neno. Simama kwenye mwanga, sema kwa kawaida. "Baba" na "mama" yanafanana midomoni, kwa hiyo mwonyeshe pia unazungumzia nini. Sista ananiambia kwamba katika nchi za mbali madaktari wanajaribu kuingiza uzi mwembamba wa umeme ndani ya sikio lililokufa. Nafurahi na ninawaombea! Lakini anasema hata wanaowekewa uzi huo hawasikii maneno mara moja. Sauti inakuja ngeni, na lazima mtu akae nao, aseme nao, hadi wazoee. Basi wao pia watahitaji mama.

Paluku sasa ni kijana, anasoma somo kanisani. Mimi huketi benchi la mbele. Kabla ya kuanza huinua uso, ananitafuta, na padri amezoea kungoja.

Wewe uliyeomba na mlango wako bado umefungwa, usimwache Bwana. Pengine anakuja kwa mlango wa nyuma, kama alivyokuja kwangu mgongoni. Mtumaini! Na ukitaka tuombe pamoja, meza yangu mnaijua. Usiniite kwa mbali. Njoo karibu, unishike kidevu, useme.