Ini la Bata kwenye Kadi ya Soli

Benchi la kahawa mbele ya kibanda cha fundi viatu lilikuwa na watu wake, watu wasiojua kunyamaza hata kwa kulipwa. Asubuhi hiyo fundi mwenyewe, waliyemwita Soli, aliwatolea kadi yenye maandishi ya dhahabu. Binti yake alikuwa anaolewa jioni na familia ya wenye nazo. Koti lake Soli lilishapigwa pasi, linaning'inia msumarini. Lakini alikwama kwenye mstari wa kwanza tu, kwenye chakula asichokijua: foie gras. Aliogopa kuumbuka mbele ya wakwe.

— Hilo ni jina la jenerali, akasema Karani, mstaafu aliyejua kila kitu tangu astaafu. Alizingirwa vitani, njaa ikamzidi, akachemsha mkanda wake. Matajiri wanakula mikanda mpaka leo.

— Ngozi naiweza, akasema Soli, moyo ukimtulia kidogo.

— Mkanda wapi, akadakia Kinyozi. Yalikuwa mafuta ya nywele ya malkia. Mpishi akakosea chupa, akayapaka kwenye mkate.

— Wakamnyonga? akauliza Soli.

— Wakampandisha cheo. Tajiri akishakigharamia kitu, lazima kiwe kitamu.

Mama mmoja, mpishi wa hotelini, alikuwa amefika kuchukua viatu vyake vya kazi. Akaichungulia kadi.

— Ni ini la bata. Ini nono, ndiyo maana yake. Bata anasukumiwa mahindi kooni kwa bomba mpaka ini linavimba.

— Kumbe ugonjwa, akasema Kinyozi.

— Ukiugua wewe, hospitali. Akiugua bata, karamu, akasema Karani, kana kwamba siku zote alijua.

Soli akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

— Nitalila. Kwa ajili ya mwanangu nitakula hata hilo bomba.

Mpishi aliigeuza kadi, akaigeuza tena.

— Baba, hii ni orodha ya vyakula tu. Nani kakupa?

— Binti aliiacha hapa juzi, alipokuja kubadilishiwa visigino. Si ndiyo kadi yenyewe?

— Kadi ya mwaliko ina jina la mgeni na namba ya meza. Leo napika hukohuko harusini, mlangoni hapiti mtu bila hiyo. Yako iko wapi?

Karani akachungulia ndani ya kikombe chake. Kinyozi akakumbuka ana mteja. Soli alitaka kusema binti ataileta. Akamfungia mpishi viatu vyake kwenye gazeti, taratibu. Kisha akalitungua koti msumarini, akalikunja, akalisukuma chini ya meza, kwenye vipande vya ngozi.