Sauti ya Mama Sabina na Kanuni ya Chanzo

Mgeni rasmi, Ndugu Abraham Magige, Mwenyekiti wa Baraza la Sera la Linux Furu, viongozi wa tawi, walimu wenzetu, mabibi na mabwana.

KUKUKARIBISHA

Sisi wanachama wa tawi la Musoma, Bunda na Butiama tunakukaribisha hapa Kigera kwa mikono miwili. Miaka yote tumekujua kwa sauti ya mtandaoni na barua pepe zako tu, ndefu na zenye vifungu. Leo tumeona kwamba una uso, tena wa tabasamu, na hilo limetufariji kuliko unavyodhani.

HISTORIA

Furu ilizaliwa pale shule zetu zilipopewa kompyuta zilizochoka, zisizoweza kubeba mifumo ya kununua. Tukachukua Linux, mfumo wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuurekebisha, tukaupunguza unene, tukaupa jina la samaki wetu mdogo wa ziwani. Programu zake zinakaa katika ghala moja mtandaoni. Kila programu hufungwa kama kifurushi, na Baraza lako ndilo linaloamua kipi kiingie ghalani.

Mwanzoni hatukuwa na kanuni. Kisha mwanachama mmoja akaingiza kifurushi kibovu, kikafuta alama za mtihani za shule moja ya Bunda. Mwalimu Petronila wa Butiama, aliyesaidia kusahihisha upya karatasi zile, akaandika kanuni ya kwanza: kisichokaguliwa kisiingie shuleni. Tulimpigia makofi. Tungejua atakuja kuikwaa mwenyewe, tungepiga polepole.

MAFANIKIO

Kanuni ile moja imezaa na kupata wajukuu. Leo tuna kanuni ya jina, kanuni ya maelezo, na kanuni ya namna ya kupinga kanuni. Mjadala wa kama tuseme "kifurushi" au "furushi" ulichukua msimu mzima wa pamba, ukamalizika kwa muafaka kwamba uendelee. Mgeni rasmi, hayo ni mafanikio. Vyama vingine havina hata cha kubishania.

CHANGAMOTO

Changamoto tunayo moja. Mwalimu Keraryo, anayefundisha Historia shule moja na Petronila, alipofuka kwa presha ya macho. Mkuu wa shule, mtu mwema asiye na njia nyingine, alimwambia, "Mwalimu, ukiweza kutunga mtihani na kuusahihisha kabla ya likizo, unabaki. Ukishindwa, itabidi upumzike."

Petronila hakuweza kulivumilia hilo. Alikwenda Kabasa kwa shangazi yake, Mama Sabina, muuza nyanya, akamrekodi uani kwake akisoma sentensi baada ya sentensi, Jumapili hadi Jumapili. Kwa sauti hiyo akatengeneza programu inayosoma chochote kilichoandikwa kwenye kompyuta. Akaifunga vizuri, akaituma kwa Baraza, akangoja kwa moyo mweupe, maana kanuni alizijua kuliko wengi wetu.

Kikao kilifanyika mtandaoni. Sote tulisikiliza.

"Kanuni inataka kila kifurushi kije na chanzo chake, yaani malighafi yote iliyokitengeneza," alisema mjumbe mmoja. "Chanzo cha sauti hii kiko wapi?"

"Ni koo la shangazi yangu," Petronila akajibu. "Liko Kabasa, linauza nyanya."

Hakuna aliyecheka. Wajumbe wakataka rekodi zote kabla hazijasafishwa. Akazileta. Ndani yake alisikika jogoo akiwika, wakauliza kama mwenye jogoo ameridhia. Akaleta ridhaa ya mwenye jogoo, ambaye ni Mama Sabina yuleyule. Ndipo wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ukasema, "Nimemsikia humo anasema 'nilikuwaga'. Hicho si Kiswahili sanifu. Tuunde kamati ndogo."

"Mzee," Petronila akasema, "mkiunda kamati, Keraryo anaondoka. Likizo imekaribia."

"Kanuni haina macho, Mwalimu," ukajibu.

"Na yeye hana," Petronila akajibu, akazima kompyuta.

Kesho yake, saa ya chai, mbele ya walimu wote, alikiweka kile kifurushi kwenye mashine ya Keraryo. Alikuwa anaivunja kanuni aliyoiandika kwa mkono wake. Mashine ikasoma: "Eleza sababu za Vita vya Majimaji."

Keraryo akainua kichwa. "Huyu si Mama Sabina wa nyanya? Huyu huwaga ananipunja!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alipoacha kucheka machozi yaliendelea. Mtihani akautunga. Wanafunzi wakajibu kwenye kompyuta, Mama Sabina akamsomea, naye akasahihisha. Yupo kazini hadi leo, na amekaa mstari wa mbele hapa.

Petronila akajiripoti mwenyewe. Baraza likamshukuru kwa uaminifu wake, kisha likamnyang'anya ufunguo wa sahihi, ule ambao bila huo mkaguzi kama yeye hawezi kuidhinisha kitu. Sasa toleo jipya la Furu linatoka Jumatatu, na kwa mujibu wa kanuni litafuta lenyewe kila kifurushi kisicho na idhini. Tulimshauri Keraryo asiliweke, aifiche mashine yake. Akakataa.

"Mimi si mwizi wa sauti," alisema. "Nataka iwe halali, ili na mwingine aliye kama mimi aipate bila kujificha."

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi mengi, ya projekta na fulana zenye nembo. Tumeyaondoa. Kifurushi kinahitaji sahihi tatu. Ya Musoma ipo, ya Bunda ipo. Ya tatu ni ya Mwenyekiti. Hatusemi kanuni zifutwe. Zile alama zilizopotea hatujazisahau. Tunaomba tu kanuni zikumbushwe ziliandikwa kwa ajili ya nani.

Mgeni rasmi, chakula kiko chumba cha pili, ni sato wa kukaanga na ugali wa muhogo. Ukielekea huko utapita mezani kwa Mwalimu Keraryo. Kompyuta imewashwa, na mtandao tumeupima, unavuta. Usiwe na wasiwasi na sato. Tumemfunika, hatapoa.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, aijalie nyumba yako neema, na mkono wako aupe wepesi.

Ni sisi,
Wanachama wa Linux Furu, tawi la Musoma, Bunda na Butiama.
Imesomwa kwa niaba yao na Consolata, katibu wa tawi.