Mstari wa Nne wa Mwalimu Mateus

Baba Paroko, wanakwaya, majirani wa Rahaleo na wote mliofika kutufariji, familia inawaomba mtulie msikie maisha ya mzee wetu, Mwalimu Mateus Mauricio Likanda.

Marehemu alizaliwa tarehe 21 Septemba 1953 katika kijiji kimoja upande wa Palma, Msumbiji, akavushwa Ruvuma na wazazi wake mwaka 1965, wakashukia Kilambo, akasoma shule ya msingi hapa Mtwara hadi 1972, akahitimu ualimu mwaka 1975, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2013. Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na mama yetu Francisca, wakajaliwa watoto wawili, Joshua na Yolanda.

Kwaya aliianza mwaka 1979, akizitia nyimbo za Kimakonde katika Kiswahili kwa mizani, mstari mmoja silabi nane, unaofuata sita, akihesabu kila silabi kwa korosho moja juu ya benchi, na mwimbaji aliyeleta neno lililozidi alirudishiwa neno lake, awe nani awe nani, maana mzee alikuwa mkali, tuseme ukweli, hata Baba Paroko aliwahi kukatwa maneno.

Mama alifariki tarehe 3 Machi 2023, na baba akaanza kumtungia wimbo wa kuimbwa siku ya kubariki kaburi, akapata mistari mitatu: Mke wangu lala sasa, nami naja pia, Bwana akiita leo. Kabla ya wa nne, tarehe 11 Mei 2024, kiharusi kikamwondolea kauli. Wodini akawa anakunja vidole vitano vya mkono mzima, kisha kimoja, anaanza upya, sisi tukadhani ana kiu, tukawa tunamnywesha maji, hadi Yolanda, aliyekuwa akimuuguza, alipotambua kuwa baba anadai mizani sita.

Yolanda ameomba hili lisomwe kama lilivyo. Mstari wa nne ulimjia siku ya tatu wodini, akimfuta baba uso, lakini aliona kuutamka ni sawa na kumruhusu aende, basi akawa anampelekea mistari mingine anayojua haifai, huu una saba, huu una tano, na mzee akawa anatikisa kichwa, siku kumi na tano, akimtazama kama mtu anayejua kuwa anafichwa kitu. Alifariki tarehe 29 Mei 2024, saa nne asubuhi, vidole vikiwa vimekunjwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na wanakwaya, ambao leo wataimba wimbo huo kaburini ukiwa na mistari yote minne, nasi hatujui kama huo wa mwisho angeukubali au angeukata, na wa kumuuliza hatunaye tena.

Baba, mwanao anakuomba radhi, mstari ni huu: Nitamwitikia. Sasa pumzika kwa amani.