Mashine Iliyosubiri Utepe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, waganga, wauguzi, na ninyi wagonjwa mliowekwa nyuma ya kamba msije mkaharibu picha: habari za asubuhi. Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wagonjwa. Nitashukuru.

Naishukuru Bodi kwa uangalifu wake. Altrasaundi hii ilishushwa hapa Dodoma Machi mwaka huu wa 1996, ikafunikwa shuka, na leo ni Oktoba. Nchi nzima tumefungulia milango benki za watu binafsi, tumeifungulia mitumba. Chombo kimoja cha kumtazama mgonjwa kimetushinda kukifungua, kwa sababu hakikuwa na mgeni rasmi.

Mke wangu Anyesi, mwalimu wa Ipagala, alivimba tezi ya limfu shingoni mwezi wa nne. Akapewa dawa za kifua kikuu, maana kwetu kila tezi ni kifua kikuu mpaka marehemu athibitishe vinginevyo. Miezi minne tezi ikanenepa, mwenye tezi akakonda. Nikauliza kwa nini asipimwe. Katibu wa hospitali akanijibu kwa upole, "Bwana Sila, chombo hakijazinduliwa."

Ndipo Daktari Octavian alipotenda kosa lake: akaivua mashine shuka. Akatuonyesha tezi kwenye kioo cha mashine. Tezi yenye afya hufanana na haragwe lenye weupe katikati. Ya Anyesi ilikuwa duara kama gololi, na weupe umetoweka. Huku akiitazama humo humo, akaingiza sindano nyembamba ili avute chembe za kupimwa.

"Daktari, watakufukuza," Anyesi alimwambia.

"Mwalimu, usimeze mate," akajibu. "Sindano imo."

Majibu yalikuwa saratani ya tezi, ile inayotibika ikiwahiwa. Anyesi yule pale, mwenye kilemba cha kijani. Nywele zimekwenda na dawa. Tezi nayo imesinyaa.

Leo saa nane, mkishamaliza pilau, Bodi inakaa kumjadili Octavian kwa kutumia mali ya hospitali kabla ya uzinduzi. Je, nani mwingine humu anajua kuiendesha mashine hii? Mwenyekiti, nyoosha mkono tukuone.

Basi, Mheshimiwa, kata utepe. Sisi wagonjwa tutakwenda kukaa mlangoni mwa kikao. Hatutapiga kelele, tutapanga foleni, kazi mliyotufundisha vizuri. Na atakayetoka na barua ya kumfukuza Octavian, aanze kutupima.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, hasa mliolazimika.