Begi la Siku ya Maji

Fundi cherehani aliyeketi mbele yangu basini alikuwa amepakata begi kubwa kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Muuguzi aliyekaa kando yake akamuuliza, "Kaka, unahama?"

"Sihami, dada. Ni begi la dharura. Mto ukifurika tena, nabeba hili na kukimbia. Naenda nalo kazini nizoee uzito."

"Na maji yakija nyumbani ukiwa kazini?"

Fundi akakuna kichwa. Mimi, ambaye sina hata mwavuli, nilitazama nje.

"Nyumbani yupo mama tu," fundi akasema, "naye ameapa hatoki. Mwaka jana maji yalimfika kiunoni, na bado anasema nyumba yake haiachi. Nimembembeleza mwezi mzima."

"Kumbe mzigo mzito ni mama, si begi!"

Fundi akalifungua amwonyeshe kuwa hafanyi mzaha: tochi, filimbi, maji ya kunywa. Biskuti zilikuwa zimeliwa. Chini kabisa akakuta raba kuukuu za kike, zimefungwa vizuri kwenye gazeti.

"Hizi sikuziweka mimi," akasema polepole. "Ni za mama."

"Basi huyo anatoka," muuguzi akacheka. "Ila raba zake umeondoka nazo!"

Basi liliposimama, fundi akashuka na kuvuka barabara mbio, begi mgongoni, kwenda kusubiri la kurudi nyumbani. Muuguzi akampigia kelele dirishani, "Na biskuti ununue nyingine!"