Neno la Mstari wa Kwanza

Benchi la Horion, mwandishi wa barua, lipo kwenye kona ya soko la mboga la Oksirinko, mji wa Misri, upande wa ukuta wenye kivuli. Kila asubuhi Pua, dobi, na Paka, fundi viatu, hukaa hapo na mtungi wa bia ya shayiri, wakibishana mpaka uishe. Siku hiyo barua ya Taonis, muuza dengu, ilifika kutoka kwa binti yake wa Aleksandria kabla mwenyewe hajaja. Horion ndiye humsomea siku zote, basi akaikunjua. Akausoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, kisha akaurudia.

— Soma basi, alisema Pua. Au binti katukana?

— "Serapous kwa mama yake Taonis: jipe moyo."

— Jipe moyo? Barua si huanza na "furahi", hata ukimwandikia adui yako?

— Karani mwanagenzi huyo, kachemsha, alisema Paka.

— Thubutu, alisema Pua. Ndio mtindo wa mjini sasa. Kule salamu wanabadilisha kama viatu.

— Au wamegombana. Binti kamnyima mama furaha makusudi.

— Mimi nasikia gavana kapiga marufuku watu kufurahi kwa maandishi.

Horion hakucheka. Baada ya salamu hufuata dua ya afya, na hapa dua haikuwepo. Katika miaka ishirini ya kalamu, neno lile alikuwa ameliandika mahali pale mara tatu tu, na mara zote ndani ya nyumba kulikuwa na maiti. Akashuka kwa macho mpaka katikati ya barua, kisha akaikunja.

— Ni msiba, alisema.

Kopres, mwenye punda aliyeileta barua, alikuwa amesimama kando, maana hajawahi kuketi pale.

— Nani atamwambia? aliuliza.

Pua akachungulia mtungini. Paka akaanza kushona kiatu alichokwisha kushona.

Taonis akaja, akajipangusa vumbi la dengu mikononi, akaketi.

— Nisomee, baba.

— "Serapous kwa mama yake Taonis…"

— "Furahi," alimalizia yeye, maana mpangilio wa barua aliujua kwa masikio.

— Hapana, mama. "Jipe moyo."

Taonis aliishusha mikono mapajani.

— Hapo kati paache. Nenda kule chini, wajukuu zangu wanaponisalimu mmoja mmoja. Taja majina, nisikie nani hayumo.

Horion akasoma polepole kadiri alivyoweza.

— "Anakusalimu Heras. Anakusalimu Plution. Anakusalimu Diogas."

Akafika kwenye buriani, mwisho wa barua.

— Na kitinda mimba wao, Thermion? aliuliza Taonis.

Horion akapandisha macho mpaka katikati ya barua, kwenye jina hilo.