Bi Zulma Aliyejitolea Kusahihishwa

Bi Zulma Etcheverry anastaafu tarehe 30 Aprili, baada ya miaka kumi na tisa ya kuwa karani wa Chama cha Wafuga Njiwa wa Mashindano hapa Salto na msimamizi wa jukwaa letu la mtandaoni. Kazi hiyo nilimfundisha mimi. Haya, sikumfundisha. Shule niliiacha darasa la nne, na kompyuta nilionyeshwa na yeye. Nilichomfundisha ni mahali pa kuficha biskuti ofisini, na hata hizo alikuwa akizila yeye.

Aliajiriwa kuandika matokeo ya mashindano. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yenyewe ingekuwa kuamulia ugomvi wa watu wazima. Sisi wafuga njiwa tumejaliwa ubishi, na jukwaa lilipofunguliwa tuliwaacha njiwa tukahamia kwenye herufi. Mtu akiuliza dawa ya kinda anayeharisha, anajibiwa kwamba amesahau alama ya mkazo juu ya herufi. Aliyemjibu naye anaambiwa koma yake imekaa vibaya. Kinda anakufa, koma bado inajadiliwa.

Bingwa wetu ni Profesa Evaristo Bentancor, mwalimu mstaafu, ambaye njiwa wake hawajawahi kushinda lakini sentensi zake hazijawahi kushindwa. "Nicanor," aliniandikia mbele ya watu wote, "unaandika kama kuku anayechakura." Nikamjibu, "Heri kuku, Profesa, jioni hurudi bandani. Njiwa wako mara ya mwisho walionekana Brazili." Bi Zulma alitufungia jukwaa sote wawili wiki nzima. Tulistahili.

Kuna siku moja, hata hivyo, ambayo siwezi kuitania.

Anselmo Larrañaga wa Belén alipofariki, mkewe Delmira aliingia jukwaani kwa jina la marehemu. Hakuwahi kuandika humo. Alisema mzee amezikwa jana, njiwa wamebaki, yeye hajui kuwatunza na mahindi yanakwisha, nani atawachukua? Aliandika maneno kama anavyoyasikia. Jibu la kwanza halikuwa pole. Lilikuwa la Profesa: "Mama, neno 'amezikwa' haliandikwi hivyo." Wa pili akasema Profesa mwenyewe amekosea. Wa tatu akaleta kamusi. Hadi jioni walikuwa wametukanana kurasa na kurasa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza njiwa ni wangapi. Delmira akaandika tena, mara moja tu: "Samahanini. Sikusoma sana. Sitawasumbua."

Bi Zulma hakumgombeza mtu. Alifunga ofisi, akapanda basi la Belén, akakaa jikoni na mjane, wakanywa ile chai yetu ya majani iitwayo mate mpaka majani yakaisha ladha. Kisha akaniomba gari langu la mizigo twende kuchukua matenga ya njiwa. Njiani ndipo aliponieleza mpango wake, akaniapisha nisiseme.

Kesho yake tangazo la chama lilitoka limejaa makosa. Bi Zulma, aliyekuwa msahihishaji wa gazeti kabla hajaja kwetu! Profesa na jeshi lake wakamvamia.

"Karani mzima hajui kuandika!"

"Tunamlipa kwa kazi gani huyu?"

Yeye akajibu, "Asanteni, nitajitahidi." Walipokuwa wakimtafuna, ukurasa wa Delmira ulitulia, na watu wakapata nafasi ya kuona haya. Mmoja akaandika, "Pole, mama. Banda langu lina nafasi." Mwingine akafuata. Njiwa wote wa Anselmo walipata makao.

Tangu hapo kila asubuhi aliacha kosa kwenye tangazo, kama mtu anayemwaga mtama uani ili ndege wasiende shambani. Wageni wakaandika walivyojaliwa, makinda wakapata dawa. Yeye aliitwa mjinga miaka yote hiyo, na halmashauri ya chama nusura imfukuze kwa ajili hiyo. Hakujitetea. Leo navunja kiapo, kwa sababu sitaki aondoke hapa na jina la mtu asiyejua kuandika. Profesa, usinune. Mtama uliula vizuri.

Bi Zulma, ahsante kwa kila jiwe ulilopigwa badala yetu. Nenda Paysandú kwa dada yako, ulale hadi jua liwe juu, na siku za mvua usikose torta, vile vimkate vyetu vya kukaanga. Mungu akupe miaka isiyo na wabishi.

Ila kuna jambo. Siku ile ya matenga uliniambia, "Nicanor, nina deni lako." Sikukudai. Leo nadai. Delmira bado huufungua ule ukurasa kila Jumapili ya mashindano, asome zile pole. Wiki iliyopita, habari za kustaafu kwako zilipoenea, kuna mtu amerudi humo kumsahihisha. Mfute huyo. Halafu, kabla hujakabidhi funguo za jukwaa, ufunge ukurasa huo wa Anselmo asiuguse mtu tena, ubaki kama mkewe alivyouandika.